Jiwe Ambalo Mama Alishindwa Kuliacha

Naserian aliponipigia simu kuniambia Yeyo amefariki, sauti yake ilikuwa imetulia kabisa. Alisema mama amepumzika asubuhi, wanazika Ijumaa, nije na mama yangu. Nami badala ya kulia kwanza, niliona wivu. Wacha nisiseme uongo. Nilisimama jikoni kwangu, mwiko mkononi, ugali ukiungua, nikajiuliza huyu mwanamke huu utulivu hupata wapi, na kwa nini alipewa yeye, mimi nikanyimwa. Yaani mtu amefiwa na mama yake mzazi, na bado mimi ndiye ninayemwonea wivu! Ndipo nikaketi nikalia mpaka watoto wangu wakaja mlangoni kunichungulia.

Wivu huo una historia, na wewe uliyekulia upande huo nyakati zetu utanielewa. Kitengela ilikuwa ploti chache kando ya barabara ya Namanga, halafu mbuga. Nyumbu walipita nyuma ya choo chetu wakienda zao na hakuna aliyewashangaa. Mvua ikinyesha, ule udongo mweusi uling'ang'ania viatu mpaka mguu ukawa mzito kuunyanyua. Jua likiwaka, ardhi ilipasuka, sisi watoto tukatia mikono kwenye nyufa kuona nani atafika mbali. Baba alikuwa amepata kazi ya kiwanda upande wa Athi River, akatutoa Bungoma, tukapanga chumba katika ploti ya mabati. Ng'ambo ya seng'enge ndipo palipokuwa na boma ya kina Naserian.

Naserian alikuwa darasa moja nami. Mama yake tulimwita Yeyo, maana ndivyo Wamaasai wanavyomwita mama, na ploti nzima ikachukua hivyo hivyo, hata wazee waliomzidi umri. Ukiingia nyumbani kwake ulipokewa na harufu ya vibuyu vya maziwa, vile vinavyosafishwa ndani kwa kijinga cha moto cha oloirien, mzeituni wa porini. Mpaka leo nikisikia moshi wa kuni nzuri namwona ameketi miguu ameinyoosha, shanga mapajani, anacheka. Alicheka sana yule mama. Naserian akitoka shule alimwinamishia kichwa, na Yeyo aliweka kiganja utosini pake bila kukatisha maneno aliyokuwa akimwambia mtu mwingine. Nami nilienda nikainamisha changu. Alinigusa pia, lakini niliona wazi kwamba mkono ule kwangu ulikaa kidogo tu, na kwa mwenzangu ulikaa zaidi. Nilikuwa nalinganisha.

Mama yangu sasa. Mama yangu alikuwa mtu wa wasiwasi, na sisemi kwa kumdharau. Akifunga mlango alirudi kuutikisa. Akizima jiko alirudi kulimwagia maji, halafu akarudi tena kuona kama maji yameingia. Baba akichelewa kidogo, Mama alisimama langoni na leso mabegani, uso umemshuka, tayari ameshamzika. Mimi nikikohoa, kifua kiliguswa, mgongo uligongwa, majirani waliulizwa. Baba alikuwa akisema kwamba hata mbinguni huyu atauliza kama lango limefungwa vizuri. Mama hakucheka. Alimwambia kama yeye hatajali, basi nani atajali.

Mimi nilitaka mama wa ng'ambo ya seng'enge. Nilimtaka huyo anayeweza kuketi. Naserian alienda na mbuzi mpaka jua linakuwa jekundu na hakuna mtu aliyesimama mahali kumtafuta, na mimi nikivuka barabara tu nilisikia jina langu linaitwa kutoka mbali. Nilijua, kwa akili ya mtoto, sababu ya tofauti hiyo. Wao walimwamini Mungu vizuri na sisi tulimwamini vibaya. Kanisani, kwa sababu tulisali kanisa moja la mabati, mchungaji alihubiri mara nyingi kuhusu kumwachia Mungu hofu zetu, nami nilimkodolea Mama macho. Nilidhani anahubiriwa yeye peke yake.

Halafu ukaja ukame ule ambao watu wa Kajiado hawahitaji kukumbushwa. Ng'ombe walianguka kando ya lami na harufu ikaingia mpaka darasani. Wazee wenye mifugo iliyobaki wakahama nayo kutafuta majani, na baba yake Naserian akaondoka na kijana wake mkubwa, wakaelekea upande wa Tsavo. Siku walipoondoka nilikuwa nimeegemea seng'enge. Yeyo aliwatemea mate ya baraka, akasema kitu kwa Kimaa, watu wakacheka, wakaondoka. Naserian akaniambia baba ameenda na ng'ombe. Nilielewa kwamba ameenda safari nzuri. Niliona wivu hata kwa hilo, kwamba baba yao anatembea huku wetu amekaa.

Maana Baba alikuwa amekaa. Kiwanda kilipunguza watu, naye akawa mmoja wao. Alikuwa akiamka alfajiri vile vile, ananyoa ndevu, anavaa, halafu anaketi kwenye stuli nje ya mlango. Ndipo likaanza neno lile lililosemwa kwa sauti ya chini nikiwa nimegeukia ukuta. Nekesa apelekwe kwa kukhu. Nekesa ni mimi, na kukhu ni nyanya yangu, Bungoma. Baba alisema huko kuna mahindi na shule, mtoto hawezi kukosa kula ati kwa sababu tunataka kumwona kila siku. Mama alisema ng'o. Alisema afadhali arudishe Bungoma kila kitu kingine, mtoto wake halali mahali asipomsikia akipumua.

Hilo ndilo lililokuwa mezani miezi ile, kama nitapelekwa au nitabaki. Sikuwa na shida nyingine duniani. Na wasiwasi wa Mama, ule niliouonea aibu mbele ya Naserian, sasa ndio uliokuwa unanishikilia nisiondoke. Niliuombea usiishe.

Jumapili moja mchungaji akatuambia wiki ijayo kila mtu aje na jiwe kutoka nyumbani kwake, ukubwa wa jiwe uwe ukubwa wa hofu yake. Tutaliweka mbele, tumkabidhi Bwana, na tusilirudie. Mchungaji wetu alikuwa mjanja, Mungu amrehemu. Kanisa lilikuwa la sakafu ya udongo na yeye alikuwa ametafuta mawe ya msingi kwa muda mrefu bila kupata lori. Wazee walilijua hilo, wakacheka pembeni, lakini wakaja na mawe. Baba mmoja alisukuma lake kwa wilbaro.

Mama alichukua jiwe tulilotumia kufunika pipa la maji. Lilikuwa zito, amelifunga kwa leso mgongoni kama mtoto, na njiani nilimuuliza ni hofu gani. Aliniangalia kama vile nimeuliza jua ni nini. "Ni wewe," akasema. "Kwani niko na ingine?"

Sikujua nifurahi au nikasirike. Niliketi benchi nikatazama watu wanapanga foleni. Yeyo alipofika mbele, akafungua kiganja, akaweka kijiwe kidogo sana, cha kuchezea mchezo wa watoto, akarudi kuketi huku akitabasamu. Roho iliniuma. Kumbe hata hofu zao ni ndogo hivyo! Mungu amewabebea zote, wamebaki na kokoto. Naserian alikuwa karibu nami, amekaa wima, miguu inaning'inia, na nilitamani kumfinya.

Mama aliweka lake, akapiga magoti, akakaa hapo mpaka wengine wakamzunguka. Tulipotoka na kufika kwenye lango, akasema amesahau Biblia. Biblia ilikuwa kwapani mwake, nimeiona. Alirudi ndani, akatoka mgongo umeinama, leso imefungwa. Tulipofika alilirudisha jiwe juu ya pipa, akalisukuma likae sawa, na mimi nikala ugali wangu kwa furaha siku ile. Mama hakuweza kuniacha. Hata kwa Mungu hakuweza.

Ikawa ndiyo desturi yetu. Jumapili analipeleka, anaomba, analia, analirudia. Watu wakaanza kumtania kwamba jiwe la Mama Nekesa linajua njia ya kanisani kuliko wakristo wengi. Mchungaji akasema kwa heshima kwamba kwa mwendo huo sakafu haitaisha. Lakini ajabu, rundo la mawe pale mbele liliendelea kukua, hata katikati ya wiki. Mchungaji alidhani ni vijana wa kwaya, akawasifu hadharani, nao vijana wakazipokea hizo sifa bila aibu yoyote.

Asubuhi moja nilitumwa kwa Yeyo kuchukua maziwa ya mbuzi, maana ya ng'ombe hayakuwepo tena. Nikampata Naserian anawasha moto, akaniambia mama ametoka. Nikaamua kupitia kanisani, maana mlango wa kanisa ulifungwa kwa waya tu na sisi watoto tulipenda kuingia kuchezea ngoma ya kwaya. Nilipokaribia nikasikia mtu anagombana ndani. Nilichungulia kwenye tundu la mabati.

Alikuwa Yeyo. Alikuwa amekusanya mawe kwenye shuka, anayatoa moja moja, kila moja analiweka kwenye rundo na kulisemesha kwa Kimaa, kwa ukali, kama mtu anayemkemea mkwe mvivu. Nilisikia jina la mumewe. Nikasikia la kijana wake. Nikasikia Enkai, yaani Mungu, naye alikuwa anapewa lake pia. Na uso wake wote ulikuwa umelowa. Sikuwahi kumwona Yeyo akilia. Nilishtuka, nikagonga bati kwa goti, akageuka.

Alinifungulia, akajifuta kwa ncha ya shuka, akaniuliza kama mama yangu anajua niko huku. Nikasema hajui. Akacheka kidogo, akasema basi huyo sasa hivi amefika kwa polisi. Halafu akaketi juu ya rundo, nami nikasimama mbele yake. Nilimuuliza swali lililonisumbua, kwani kile kijiwe chake cha siku ile hakikutosha.

"Ile ilikuwa ya watu," akasema. "Watu wanaangalia. Sasa hizi ndizo zangu."

Nikamuuliza kama Mungu hakumsikia mara ya kwanza.

"Alisikia. Mimi ndiyo sijaacha. Naleta leo, kesho nikiamka iko kwa kitanda inaningoja. Sasa nitafanya nini? Naleta tena." Akalisogeza jiwe moja kwa mguu. "Bwana yangu na kijana, hakuna mtu amewaona. Hakuna habari. Na mimi siwezi kulia nyumbani. Mama mkwe anasema ukililia mtu ako njiani, unamwitia kifo. Nikilia, boma yote inajua amekufa. Mama yako nikimwona pale kwa lango, analia, watu wanamwambia pole, nasikia wivu."

Nilidhani nimesikia vibaya. Nani amwonee mama yangu wivu? Mama yangu anayetikisa mlango? Yeyo akaniambia nisimwambie Naserian, na sikumwambia. Mpaka leo sijui kama anajua. Lakini hakusema nisimwambie Mama, na mimi nilifika nyumbani bila maziwa na kila kitu kimejaa mdomoni.

Mama alinisikiliza akiwa ameshika fagio. Hakunikemea kwa kuchelewa, jambo ambalo lilinitia hofu zaidi. Aliegemeza fagio ukutani, akavuka seng'enge akiwa na ndara zake za bafuni, na alikaa ng'ambo mpaka mchana. Mlango wa nyumba aliuacha wazi. Niliuangalia ule mlango nisiamini.

Jumapili iliyofuata alilibeba jiwe kama kawaida, akaliweka, akaomba. Ibada ikaisha, tukatoka, tukafika langoni, akageuka kama kawaida. Nikasubiri. Lakini Yeyo alikuwa amesimama mlangoni mwa kanisa, mikono ameitanua. Wakasemezana kwa sauti ya chini, mimi niko mbali sikusikia hata neno. Nilimwona Mama akitikisa kichwa. Nilimwona Yeyo akikataa kusogea. Halafu Mama akarudi kwangu, mgongo umenyooka, leso imefungwa kiunoni, akanishika mkono tukaenda. Pipa lilikaa wazi siku hiyo. Wiki hiyo hiyo akamwambia Baba sawa, mtoto aende kwa kukhu.

Nani angenieleza vingine? Jiwe lilikuwa mimi. Alisema kwa mdomo wake. Mwanzo alishindwa kuniacha, sasa ameweza, na aliyemfundisha ni Yeyo, ambaye binti yake mwenyewe haendi mahali. Niliwachukia wote wawili. Zaidi nilimchukia Naserian, ambaye atabaki na mama wawili, wake na wangu, kila mmoja upande wake wa seng'enge. Alipoleta shanga za mkono kuniaga nilizipokea bila kusema asante. Basi likiondoka Mama alinipungia mkono na hakulia. Nilimtazama kwa makini kabisa na hakulia. Nikasema moyoni, haya basi, ameamini, amepona, na mimi nimelipia.

Kwa kukhu sikuteseka. Nilikula, nikanenepa, nikajua kupalilia. Lakini nilikuwa najiuliza kila jioni nani anatumwa maziwa, nani anaketi mahali pangu. Mume wa Yeyo na kijana wake walirudi mvua iliponyesha, wamekonda, na ng'ombe wachache mno. Baba akapata kazi ya ulinzi katika shamba la maua upande wa Isinya, nikarudishwa. Nilimkuta Naserian amekaa katikati ya magoti ya mama yangu anasukwa nywele, anamwita Mama, na hakuona haja ya kuondoka. Kanisani sakafu ilikuwa imemwagwa saruji juu ya yale mawe. Nilitembea juu yake nikijaribu kukisia niko chini ya benchi gani.

Ijumaa tulimzika Yeyo kule walikohamia baada ya kuuza Kitengela. Naserian aliendesha kila kitu bila kupandisha sauti, akamkumbuka kila mgeni kwa jina, akahakikisha Mama amewekwa kivulini. Baada ya mazishi mimi na Mama tuliketi chini ya hema, sahani za pilau mapajani, na nikaona kama nisipouliza leo sitauliza tena. Nikamuuliza Yeyo alimwambia nini pale mlangoni.

Mama alitafuna polepole. Amezeeka, lakini asubuhi hiyo alikuwa ametikisa mlango wangu kabla hatujaondoka.

"Alisimama hivi, kama anazuia ndama," akasema. "Akaniambia, Mama Nekesa, ukilichukua lako, na mimi naingia nachukua zangu zote, na mgongo wangu umechoka. Sasa ningefanyaje? Nilijua ziko ngapi pale. Nikaliacha."

Nikasema basi ndipo alipopata imani. Nikasema, na najua ilitoka kwa uchungu, kwamba nilimwona siku ya basi na hakulia hata chozi.

Mama akaweka sahani chini. Akasema kwamba Yeyo ndiye aliyemkataza kulia mbele yangu, ili nisiende na mzigo wake, na kwamba basi lilipokata kona alikaa chini pale pale stendi, Yeyo akamfunika kwa shuka lake watu wasione. Akasema aliomba kila siku, na hakuomba kwa utulivu.

"Nilimwambia Mungu, nimekuachia, sitaki maneno. Lakini nakuonea wivu. Wewe utamwona akiamka. Utajua kama amekula, kama ameota vibaya. Na mimi niliyemzaa sitajua." Aliokota chembe ya wali kwenye leso yake. "Nilimwonea wivu mpaka siku uliposhuka kwa basi."

Niliitazama sahani yangu. Miaka yote hiyo nilikuwa nimeamini kwamba katika nyumba yetu mwenye wivu ni mimi peke yangu.